Kutoka Dira hadi Watu: Historia ya Mkuu wa Utumishi wa Jeshi la Wanamaji la Marekani

Kila baharia wa Marekani, awe mpishi au nahodha wa manowari ya kubeba ndege, ameandikishwa, amefunzwa, amepangiwa kituo na kupandishwa cheo chini ya ofisi moja. Vita vikimchukua, ofisi hiyohiyo ndiyo yenye wajibu wa kuwajulisha wazazi wake. Anayeiongoza leo ni admirali wa nyota tatu, na wadhifa wake ni Mkuu wa Utumishi wa Wanamaji.

Ofisi hiyo ilianza mwaka 1862 ikiwa na jukumu la kutunza dira na ramani. Kurasa hizi zinaeleza jinsi dira zilivyoondoka na watu wakabaki. Zinakaa zaidi penye swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kipimo cha ofisi yoyote ya utumishi: nani aliruhusiwa kuingia, na akishaingia alipewa kazi gani.

1861–1865: Haja iliyozaa ofisi

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Aprili 1861, serikali ya Rais Abraham Lincoln ilikuwa na mabaharia wapatao 7,600. Kwa idadi hiyo ilitakiwa kufunga bandari zote za majimbo yaliyojitenga, kutoka Virginia hadi Texas, na kupigana katika Mto Mississippi. Vita vilipokwisha, idadi ilikuwa imepita 51,000. Waziri wa Wanamaji, Gideon Welles, aliweza kununua meli na kuzigeuza manowari. Kigumu kilikuwa kujua afisa gani yuko wapi, nani anafaa kushika meli ipi, na nani ameacha kazi akajiunga na upande wa pili, maana walioondoka hivyo walikuwa mamia.

Mwaka 1861 iliundwa ofisi ndogo ya kuwapangia maofisa vituo. Tarehe 5 Julai 1862 Kongresi ikapitisha sheria iliyoipa wizara idara nane mahali pa zile tano zilizokuwapo tangu 1842. Mojawapo ya hizo nane ilikuwa Idara ya Urambazaji, iliyokabidhiwa ramani za bahari, dira, vyombo vya kupimia na kituo cha kuangalia nyota. Mabaharia wa kawaida waliwekwa chini ya idara nyingine, ya Vifaa na Uandikishaji.

Mkuu wa kwanza wa Urambazaji alikuwa Charles Henry Davis, na alifaa. Alikuwa mpimaji wa bahari na mwanahisabati, aliyewahi kusimamia utayarishaji wa almanaki ya mabaharia. Vilevile alikuwa mpiganaji: tarehe 6 Juni 1862, wiki chache kabla ya kupewa idara, aliongoza meli zilizoshinda mapigano ya mtoni mbele ya mji wa Memphis, Tennessee. Memphis itarudi katika historia hii kwa njia ambayo Davis asingeweza kuiota.

Aprili 1865 ile ofisi ya kupanga vituo vya maofisa ikahamishiwa kwenye Idara ya Urambazaji. Hapo ndipo wadhifa huu ulipozaliwa kwa maana halisi. Mtu aliyekuwa na kabati la dira akawa pia na kabati la majalada ya maofisa, na haikuchukua muda kabati la pili likawa ndilo linalogongewa hodi kila asubuhi.

Watu weusi wapatao 18,000 walitumikia katika meli za Muungano, yaani upande wa Lincoln, wakati wa vita hivyo, wengi wao wakiwa wametoka tu utumwani. Walikula, wakalala na kupigana katika meli zilezile walimokuwa wazungu. Msomaji aikumbuke idadi hiyo, kwa sababu miaka 60 baadaye jeshi hilohilo lilifanya kana kwamba haikuwahi kuwapo.

1865–1916: Maofisa na mabaharia chini ya paa moja

Kwa miaka 24 maofisa walikuwa huku na mabaharia kule. Meli ingeweza kupata nahodha mzuri kutoka idara moja na kukosa watu wa kutosha kutoka idara nyingine. Uandikishaji ulifanyika bandarini, na sehemu kubwa ya walioandikishwa walikuwa wazaliwa wa nchi nyingine, mabaharia wa kazi waliokwenda popote penye mshahara. Mwaka 1889 Waziri Benjamin Tracy alihamishia uandikishaji na mafunzo ya mabaharia kwenye Idara ya Urambazaji. Tangu siku hiyo mtu mmoja anawajibika kwa wote, kuanzia kuruti hadi admirali.

Wadhifa ulikuwa na nguvu, lakini ulikuwa na mipaka. Desemba 1907 Willard Brownson, aliyekuwa mkuu wa idara, alijiuzulu baada ya Rais Theodore Roosevelt kuamua kwamba meli ya hospitali Relief iongozwe na daktari, si afisa wa sitaha. Uamuzi wa rais ulibaki, na Brownson akaenda zake.

Jambo lililobadilisha sura ya jeshi zaidi katika kipindi hiki lilitokea mbali na bahari. Mwaka 1911 kilifunguliwa kituo cha mafunzo cha Great Lakes, kando ya Ziwa Michigan, kaskazini ya Chicago. Kusudi lilikuwa kuwapata vijana wa mashambani na wa miji ya bara, ambao hawakuwahi kuona maji ya chumvi. Hadi leo kuruti wa jeshi hili hupita hapo, na tangu katikati ya miaka ya 1990 ndicho kituo pekee cha makuruti kilichobaki.

1917: Barua ya tarehe 19 Machi

Sheria ya kikosi cha akiba ya mwaka 1916 haikusema kwamba anayeandikishwa lazima awe mwanamume. Marekani ilipokaribia kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza, ofisi za bandarini zilipungukiwa na makarani, na Waziri Josephus Daniels akaamua kuisoma sheria kama ilivyoandikwa. Idara ya Urambazaji, wakati huo ikiongozwa na Leigh Palmer, ilipeleka waraka wa tarehe 19 Machi 1917 ukiruhusu kuandikisha wanawake. Siku mbili baadaye Loretta Walsh aliapishwa. Wanawake wapatao 11,000 walimfuata. Walikuwa makarani, wapokea simu, wafasiri na wachoraji, na walilipwa sawa na wanaume wa cheo chao. Usawa huo wa mshahara ulikuwa jambo adimu katika nchi ambayo wanawake wengi hawakuwa bado na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa.

Vita vilipokwisha walirudishwa uraiani. Mlango ukafungwa, lakini ilikwisha kujulikana kwamba unafunguka.

Kutoka miaka hiyo ya amani limebaki jambo moja dogo lililodumu. Mwaka 1922 idara ilianza kuchapa jarida la habari za mabaharia, ambalo mwaka 1945 lilipewa jina la All Hands. Kwa vizazi vya mabaharia, jarida hilo lilikuwa njia ya kujua mishahara, mitihani ya vyeo na uhamisho bila kusubiri fununu za sitahani.

1933–1941: Kiti cha wakubwa wajao

William Leahy aliongoza idara kuanzia 1933 hadi 1935, na miaka miwili baadaye akawa Mkuu wa Operesheni za Wanamaji, kiongozi wa juu kabisa wa jeshi hilo. Baada yake walipita Adolphus Andrews na James Richardson. Mwaka 1939 akaja Chester Nimitz, Mtexas mpole aliyekuwa na kumbukumbu kubwa ya majina. Chini yake idara ilifungua mpango wa kuwafunza wahitimu wa vyuo kuwa maofisa wa akiba kwa muda mfupi, ikapanua uandikishaji, na kuharakisha masomo ya chuo cha wanamaji cha Annapolis kiasi kwamba darasa la 1942 lilihitimu Desemba 1941.

Bandari ya Pearl iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 1941, Nimitz ndiye aliyekuwa na orodha ya majina. Wanamaji zaidi ya 2,000 waliuawa asubuhi moja, na maswali ya familia yalikuja kwenye idara yake. Siku kumi baadaye aliteuliwa kuongoza meli za Pasifiki. Alisafiri kwa treni hadi California bila kujitambulisha, na tarehe 31 Desemba alishika uongozi. Waandishi wengi humweleza Nimitz kuanzia siku hiyo. Mimi naamini miaka yake miwili ya kusoma majalada ndiyo iliyomfanya ajue ni nani wa kumweka wapi katika bahari ile kubwa.

1942–1945: Milioni tatu na laki nne

Randall Jacobs alirithi kiti Desemba 1941. Sheria ya tarehe 13 Mei 1942 ilibadilisha jina la idara kuwa Idara ya Utumishi wa Wanamaji, kwa sababu ramani, vyombo na nyota vilikuwa vimekwenda ofisi nyingine. Desemba 1942 rais alisimamisha uandikishaji wa hiari kwa wanaume wa miaka 18 hadi 37, na kuanzia 1943 jeshi la wanamaji likaanza kupokea vijana walioitwa kwa sheria. Kufikia katikati ya 1945 lilikuwa na watu karibu 3,400,000. Kila mmoja alipewa mtihani wa uwezo, akaulizwa alifanya kazi gani uraiani, kisha akapangiwa shule au meli. Mpango wa vyuo uliofunguliwa tarehe 1 Julai 1943 katika vyuo 131 ulipitisha vijana zaidi ya 100,000.

Tarehe 30 Julai 1942 sheria iliwarudisha wanawake, safari hii wakiwa na maofisa wao wenyewe. Mildred McAfee, mkuu wa Chuo cha Wellesley, aliwaongoza akiwa ndani ya Idara ya Utumishi. Walifika zaidi ya 80,000.

Kazi nzito kuliko zote ilikuwa ya telegramu. Taarifa za vifo zilikwenda kwa familia zikiwa na jina la Randall Jacobs chini yake. Novemba 1942 manowari Juneau ilizamishwa karibu na kisiwa cha Guadalcanal. Kati ya watu karibu 700 waliokuwamo, kumi tu walitolewa majini wakiwa hai. Walioangamia ni pamoja na ndugu watano wa familia ya Sullivan ya Waterloo, Iowa, ambao walikubali kuandikishwa kwa sharti la kutotenganishwa. Januari 1943 wanamaji walifika mlangoni kwa wazazi wao. Hakuna mkuu wa utumishi aliyekuja baada ya hapo ambaye hakujua hadithi ya Juneau. Mwaka 1948 sheria ilitoa kinga kwa mtoto pekee aliyebaki katika familia iliyopoteza wengine vitani.

1919–1948: Mlango wa watu weusi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza uandikishaji wa watu weusi ulisimamishwa. Uliporudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ulikuwa wa kazi moja tu: kuhudumia mezani na jikoni. Amri hizo zilitoka katika idara ambayo tunaadhimisha historia yake, na haitakuwa heshima kwake kuzificha.

Doris Miller, kijana wa Waco, Texas, alikuwa mmoja wa wahudumu hao katika manowari West Virginia. Siku Bandari ya Pearl iliposhambuliwa alisaidia kumbeba nahodha wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bunduki ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufunzwa kuitumia. Tarehe 27 Mei 1942, juu ya sitaha ya manowari Enterprise, alivishwa nishani ya Msalaba wa Wanamaji. Aliyemvisha ni Nimitz, yaani mtu aliyekuwa mkuu wa idara iliyomfungia Miller jikoni. Miller aliuawa Novemba 1943 meli yake nyingine ilipozamishwa.

Kuanzia tarehe 1 Juni 1942 watu weusi waliruhusiwa tena kuandikishwa kwa kazi za kawaida, ingawa walifunzwa kambi yao peke yao. Kambi hiyo, huko Great Lakes, ilipewa jina la Robert Smalls, mtumwa aliyeiteka meli ya Planter bandarini Charleston na kuipeleka kwa Muungano. Smalls alifanya hivyo tarehe 13 Mei 1862, miaka 80 kamili kabla ya siku ambayo sheria iliipa idara jina lake jipya.

Agosti 1943 kiliundwa ndani ya idara kitengo kidogo cha mipango maalum cha maofisa vijana, akiwamo afisa wa akiba, Christopher Sargent. Nasisitiza kitengo hiki kwa sababu kazi yake haijulikani inavyostahili. Maofisa hao vijana waliandika dokezo baada ya dokezo wakionyesha kwamba ubaguzi unapoteza watu na muda. Kutokana na msukumo wao, Machi 1944 iliingia kazini Mason, manowari ya kusindikiza ambayo karibu mabaharia wake wote walikuwa weusi. Mwezi huohuo wanaume 13 weusi, wanaokumbukwa kama Kumi na Watatu wa Dhahabu, walihitimu: 12 wakapewa kamisheni na mmoja akawa afisa wa hati. Julai 1944 risasi na mabomu vililipuka gatini Port Chicago, California, vikaua watu 320, wengi wao mabaharia weusi waliopangiwa kupakia mizigo hiyo bila mafunzo ya kutosha. Desemba mwaka huo Harriet Ida Pickens na Frances Wills wakawa maofisa wa kwanza wa kike weusi wa jeshi hilo.

Ukomo wa vizuizi hivyo ulikuja kwa waraka. Tarehe 27 Februari 1946, chini ya Louis Denfeld, Idara ya Utumishi ilitoa waraka namba 48-46 ulioondoa vizuizi vyote vya kazi, meli na vituo kwa mabaharia weusi. Amri ya Rais Harry Truman kwa majeshi yote ilikuja miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 26 Julai 1948. Ilichukua miaka mingi zaidi maneno ya waraka yafike kila sitaha, lakini idara ilikuwa imetangulia kuyaandika, na hiyo ni fahari yake halali.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1862 | Idara ya Urambazaji yaundwa. Charles Henry Davis mkuu wa kwanza |
| 1865 | Kazi ya kupangia maofisa vituo yahamia idarani |
| 1889 | Uandikishaji na mafunzo ya mabaharia yaunganishwa nayo |
| 1911 | Kituo cha Great Lakes chafunguliwa |
| 1917 | Wanawake wa kwanza waandikishwa |
| 1922 | Jarida la habari za mabaharia laanza |
| 1942 | Jina labadilishwa kuwa Idara ya Utumishi wa Wanamaji |
| 1946 | Waraka 48-46 waondoa vizuizi vya rangi |
| 1948 | Wanawake wapata nafasi ya kudumu jeshini kwa sheria ya tarehe 12 Juni |
| 1967 | Delbert Black awa mwakilishi mkuu wa kwanza wa mabaharia wa kawaida |
| 1973 | Kuitwa jeshini kwa lazima kwakoma |
| 1994 | Wanawake waanza kupangiwa manowari za mapigano |
| 2018 | Kituo cha huduma za utumishi cha saa 24 chafunguliwa |

1945–1991: Kupunguza, kisha kushawishi

Denfeld alipokea watu 3,400,000 waliotaka kurudi nyumbani wote kwa pamoja. Kufikia katikati ya 1947 walibaki karibu 500,000. James Holloway, aliyeongoza kamati iliyobuni mpango mpya wa kupata maofisa kupitia vyuo vikuu vya kiraia mwaka 1946, alikuja kuwa mkuu wa utumishi kuanzia 1953 hadi 1958. Mwaka 1966 idara nyingi za kiufundi za tangu karne ya 19 zilivunjwa. Ya utumishi ilinusurika.

Mwaka 1973 kila kitu kiligeuka. Vijana hawakuletwa tena na sheria, ikabidi washawishiwe. Admirali Elmo Zumwalt, Mkuu wa Operesheni tangu 1970, alikuwa ameanza kutuma nyaraka zake maarufu juu ya likizo, nywele, familia, haki sawa na wanawake, na ofisi ya utumishi, wakati huo chini ya David Bagley, ililazimika kuzigeuza kanuni. James Watkins, mkuu wa 1975 hadi 1978, alikuja kuwa Mkuu wa Operesheni. Vivyo hivyo Jeremy Boorda, mkuu wa 1988 hadi 1991. Boorda alijiunga mwaka 1956 akiwa kijana wa miaka 16 aliyedanganya umri. Alikuwa baharia wa kawaida wa kwanza kupanda hadi kileleni. Ukiwahesabu Leahy, Nimitz na Denfeld, watu watano waliokalia kiti hiki waliongoza jeshi zima.

Kutoka Memphis hadi sasa

Kwa nusu karne idara ilikaa katika jengo la wanamaji huko Arlington, Virginia, ambalo lilibomolewa mwaka 2013. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, shughuli zake nyingi zilihamia Millington, Tennessee, maili chache kutoka Memphis alikopigana Davis. Mkuu mwenyewe alibaki karibu na Pentagon, kwa kuwa yeye pia ni msaidizi wa Mkuu wa Operesheni.

Tangu 2001 orodha ya vituo imepanuka hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mabaharia hupangiwa Camp Lemonnier nchini Djibouti, kambi inayosimamiwa na jeshi la wanamaji, na wengine wamepita Manda Bay, Lamu. Wapo pia wahamiaji wenye ukaazi wa kudumu wanaoandikishwa kila mwaka, na vijana wa Afrika Mashariki waishio Marekani wanaijua njia hiyo.

Ofisi imewahi pia kujifunza kwa haraka. Septemba 2016, chini ya Robert Burke, majina ya fani za mabaharia, yakiwamo ya serahangi na mpiga mzinga, yalifutwa ili vijana wahame kwa urahisi kutoka kazi moja hadi nyingine. Mabaharia walilalamika kwa nguvu na kwa adabu. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo majina yalirudishwa.

Miaka ya karibuni imekuwa ya tabu ya kupata watu. Mwaka wa fedha wa 2023 lengo la uandikishaji lilikosekana. Chini ya Rick Cheeseman, Great Lakes ilianzisha darasa la maandalizi kwa waliokaribia kufaulu mtihani au vipimo vya mwili, na mwaka 2024 waliandikishwa zaidi ya 40,000, lengo likafikiwa. Kuwatunza ni kazi nyingine. Aprili 2022 mabaharia watatu wa manowari George Washington, iliyokuwa katika matengenezo marefu Newport News, walijiua ndani ya wiki moja. Baada ya hapo mabaharia waliokuwa wakilala ndani ya meli, katikati ya kelele za mafundi na umeme wa kukatika, walianza kuhamishiwa makazi ya nchi kavu, na swali la wapi alale baharia meli yake inapotengenezwa sasa limo katika majukumu ya utumishi pamoja na mshahara, cheo na kituo.